Nyumba Ambayo Hakuingia

Kijiji cha Mtegowa,
Jumapili, 12 Septemba 1976

Shemeji Kasiani,

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi mzima, kabichi zangu nzima, nyumba waliyonipangia kwenye mstari inavuja kama ilivyovuja mwaka jana. Salamu zimekwisha, sasa tuzungumze.

Wanaoshusha mboga mjini wameniambia umehamishwa kutoka Dar es Salaam, na sasa uko kituo cha zimamoto hapo Morogoro. Wamekuona kwa macho yao, umekunja suruali, unaosha gari. Tangu mwezi wa tano! Miezi minne uko chini ya mlima huu, na habari zako nazipata kwa muuza nyanya. Maziko ya nduguyo hukuja, ulituma rambirambi kwa simu ya upepo, na shuka. Misa ya mwaka hukuja, ulituma sukari. Misa ya mwaka wa pili ilikuwa juzi tu, mwisho wa Agosti, na hukutuma hata salamu. Nilidhani ni kazi. Sasa sijui nidhani nini.

Lakini sikuandiki kukugombeza. Nakuandika kwa sababu Mungu amekuleta mahali ninapokuhitaji.

Ignas yuko hapo mjini. Ni Ignas yuleyule mliyesoma naye misheni, akaja kuwa katibu wetu wa kijiji. Amepata kazi ghalani, amejenga nyumba ya bati kule Kilakala, ana pazia la maua dirishani. Yeye analala chini ya bati, na mume wangu yuko chini ya udongo.

Unajua yaliyotokea, ila nitayaandika tena kwa sababu nayawaza kila siku na sina wa kumwambia. Alhamisi ile malori yalitushusha kutoka Kilundwa, sisi na vyungu vyetu na kuku wetu, kuja huku bondeni. Fransisko alikuwa na homa, lakini alisema atapita njia ya juu, aende kwao Lukwambe kwa mama yenu aombe mahali pa mbuzi. Katika orodha ya Ignas akaandikwa hivyo: Fransisko, yuko kwao. Na kwetu sisi nani angeshangaa? Mume anaishi kwenye ardhi ya lukolo la mkewe, ukoo si wake, siku yoyote anaweza kuwa kwa mama yake. Kumbe kesho yake alirudi Kilundwa kung'oa mlango wetu, ule wa mninga aliouchonga mwenyewe, homa ikamlaza. Na Ijumaa hiyohiyo Ignas akachoma nyumba zote kumi na saba. Hakuna mkubwa aliyemtuma achome. Wakubwa walisema tuhame, basi. Moto ulikuwa wake, ili tusirudi, na ili aonekane hodari. Jumamosi tulimkuta Fransisko kando ya mlango wake.

Sasa ombi langu. Nyumba huungua, Kasiani. Mjini zinaungua kila siku, wewe unajua kuliko mimi. Siku ya Ignas itakapofika, gari lenu lisiwake. Sikuambii uwashe kitu. Nakuambia uchelewe.

Wewe ndiye mdogo wake. Nani mwingine nimwombe?

Shemeji yako,
Scholastika


Kituo cha Zimamoto, Morogoro,
26 Septemba 1976

Shemeji Scholastika,

Milele amina, na shikamoo.

Una haki ya kunigombeza na sina cha kujitetea. Kila Jumapili nasema leo napanda mlimani, nikifika pale barabara inapoanza kupinda nageuka narudi. Nisamehe kwa hilo.

Nikueleze kazi yangu ili uelewe unaniomba nini. Tuko watu kumi na mmoja, gari moja lililotangulia uhuru, ngazi moja, pampu moja ya kubeba. Viwanda vinaota kila upande wa mji huu na sisi ni walewale kumi na mmoja. Asubuhi tunakunjua mipira ya maji, tunaisugua, tunaianika, maana mpira ukikunjwa na maji ndani unaoza. Kisha natembea na ramani ya zamani kutafuta mabomba ya barabarani tunayochotea maji. Ramani inasema yapo thelathini na manne. Mimi nimeyapata kumi na tisa. Mengine yako chini ya tope la mvua, na moja fundi viatu amelikalia na kibanda chake, akaniambia hajawahi kuliona.

Dar es Salaam alinifundisha Mzee Stambuli, aliyeanza kazi zama za mkoloni. Anasimulia walivyokariri amri kwa Kiingereza bila kujua maana yake. Mzungu akipiga kelele hivi, wanakimbilia mpira. Akipiga kelele vile, wanakimbilia ngazi. Siku moja mzungu akakohoa na mtu mmoja akapanda ngazi. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Lakini kuna jambo moja alikuwa haliletei mzaha. Alisema: usimwulize mtu aliye nje kama ndani kuna mtu. Gonga mlango mara tatu, ita, ingia, papasa mpaka chini ya kitanda. Aliye nje anasema anachodhani.

Hiyo ndiyo kazi niliyoiapia, shemeji. Siwezi kuchelewa kwa kusudi. Moto haumjui Ignas, ukitoka kwake unaingia kwa jirani.

Mchukulie Ignas kama aliyekwisha kufa. Tulime, tuzeeke.

Wako mtiifu,
Kasiani


Mtegowa,
10 Oktoba 1976

Kasiani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale mzungu alipokohoa. Mara ya pili niliona aibu kwamba nilicheka.

Mipira unaijua. Mabomba unayahesabu. Jina la nduguyo hukulitaja hata mara moja katika kurasa mbili, nimetafuta. Umeandika fundi viatu, umeandika mzee wako wa Dar es Salaam, Fransisko hayumo.

Na umeniambia nimchukulie Ignas kama aliyekufa. Njoo umwambie mama yako hivyo. Mama Veronika kila anapokaa kula anatenga tonge la kwanza, anamtaja Ignas kwa laana, ndipo anakula. Miaka miwili, mchana na jioni, hajaruka hata siku moja. Sijui wewe unatenga nini.

Unasema uliapa. Mbele ya nani? Mimi niliapa mbele ya padri kuwa na Fransisko katika shida na raha, na Ignas hakuuliza kiapo changu kimefika wapi. Fransisko ndiye aliyekulipia nauli ya garimoshi ya kwanza kwenda kutafuta kazi. Aliuza mbegu zetu za viazi, mwaka huo tukala magimbi matupu, na sikunung'unika kwa sababu alisema, mdogo wangu atakuwa mtu.

Basi umekuwa mtu. Una kofia ya chuma. Ivae, kaa nayo, mimi nitatafuta mwanamume mwingine.

Scholastika


Kituo cha Zimamoto, Morogoro,
30 Oktoba 1976

Shemeji,

Shikamoo.

Fransisko. Nimeliandika. Fransisko, Fransisko, ndugu yangu.

Usiseme simchukii Ignas. Wewe unamchukia kwa yale unayoyajua. Mimi namchukia zaidi. Nikimwona barabarani na baiskeli yake, ananipungia mkono kama rafiki, meno yote nje. Ningeweza kumvunja shingo mbele ya soko zima nikalala usingizi mzuri. Nilikuandikia mambo ya kiapo kwa sababu niliogopa. Barua yako imeniondolea woga, imeniachia hasira tu.

Sasa sikiliza, na barua hii uichome ukishaisoma.

Kati ya kazi zetu kuna ukaguzi. Tunapita nyumba zenye biashara, tunatazama majiko, nyaya, mafuta, tunaandika ripoti, na mwenye kosa anaamriwa kuondoa. Juzi nimekagua Kilakala. Nimeingia nyumba ya Ignas. Mke wake Paskalia alinikaribisha uji, sikunywa. Chumba cha nyuma kina mapipa matatu ya mafuta ya taa, anayauza kwa chupa kwa majirani. Mapipa yako hatua nne kutoka jiko. Dirisha la chumba hicho amelizibia matofali, anaogopa wezi. Katika kazi yangu yote sijaona nyumba iliyojiandaa vizuri zaidi kuungua.

Katika ripoti nimeandika: hakuna tatizo.

Sikuwasha kitu. Sikuchelewa. Nimeacha tu kusema. Na bomba la maji lililo karibu na nyumba ile ni mojawapo ya yale ambayo sijayapata, na sitalitafuta.

Tusubiri.

Kasiani


Mtegowa,
14 Novemba 1976

Shemeji yangu Kasiani,

Tumsifu Yesu Kristu, na Mungu akupe maisha marefu.

Barua nimeichoma, na majivu nimeyamwaga kwenye figili. Usiku ule nililala mpaka jogoo akanisahau. Nakutumia kabichi nne na karoti, kula na wenzako, usiwaambie ni za nini. Nisamehe kwa kukuambia nitatafuta mwanamume mwingine. Nimekwisha kumpata, ni wewe.

Hakuna tatizo! Nalirudia neno hilo nikipalilia. Jirani yangu amedhani nimepata mchumba.

Sasa kuna habari, na imenifanya nisikae. Unamkumbuka Chausiku, binti wa Mzee Pazi, wa ng'ambo ya mto? Ijumaa ile alikuwa anakata nyasi za kuezekea kwenye mgongo wa mlima, kutazamana na Kilundwa. Miaka miwili amenyamaza kwa kuogopa Ignas, na sasa kwa kuwa Ignas ameondoka kijijini amekuja mwenyewe kuniambia.

Anasema Ignas alikaa chini ya mwembe mdogo na karatasi zake, pamoja na mgambo wawili wageni. Hakushika moto. Aliyechoma alikuwa mtu mwingine. Alianzia nyumba ya juu kabisa, ili moto urudi dhidi ya upepo usiingie kwenye kahawa, na kila nyumba aliigonga mlango, akaingia, akakaa kidogo, akatoka, ndipo akaiwasha. Mtu aliyeujua moto, anasema Chausiku, aliyeufanyia kazi kama fundi.

Nyumba kumi na sita aliingia. Ya kumi na saba hakuingia. Alisimama mbele ya mlango wangu muda mrefu, akageuza uso pembeni, akawasha akiwa bado ameugeuza.

Unaelewa, Kasiani? Alijua. Kumi na sita aliingia kuona kama kuna mtu, na ile ambayo mtu alikuwamo hakuingia. Hilo si bahati mbaya. Huyo alimwua Fransisko kwa makusudi, na Ignas alimleta kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo Ignas asiungue kwanza. Nataka jina. Akishanipa jina, aungue.

Shemeji yako anayekupenda,
Scholastika


Kituo cha Zimamoto, Morogoro,
28 Novemba 1976

Shemeji,

Shikamoo. Kabichi zimefika.

Chausiku alikuwa mbali, na moshi unadanganya macho, mimi naufahamu. Mtu akiinama kuwasha anaweza kuonekana kama anaingia. Mtu akiona kizunguzungu anaweza kuonekana amesimama. Usijenge nyumba juu ya maneno ya mtu aliyekuwa akikata nyasi.

Hakuna mtu wa pili. Na kama alikuwapo, alikuwa kibarua, aliambiwa choma akachoma. Labda hakujua. Labda aliambiwa mwenye nyumba yuko kwao, akaamini. Watu wengi wangeamini.

Usiende kwa Ignas. Nakusihi. Ukimwendea utamshtua, atayaondoa mapipa, na yote yatakuwa bure. Acha nyumba ile ifanye kazi yake. Ignas akishaondoka, yamekwisha, wewe na mimi tutapumua.

Kasiani


Mtegowa,
9 Januari 1977

Kasiani,

Sikujibu mapema kwa sababu mvua zilikata njia, na kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Nimefikiria labda zako. Labda hakujua, labda aliamini, labda kizunguzungu. Una huruma nyingi kwa mtu ambaye hujapata kumwona. Kwa Ignas huna hata chembe, na kwa huyu unayo ya kugawa. Sipendi. Nadhani ukazi wako mjini umekulainisha, au unaogopa kuwa na watu wawili wa kushughulikia badala ya mmoja.

Mimi siogopi hata kumi. Mchana nikichimba viazi namwona, sura hana, mkono tu na kiberiti. Nimemchagulia sura nyingi. Nikimpata nataka kwanza nimwulize kwa nini aligeuza uso. Mtu mwovu kabisa angetazama. Kisha nitamfanyia nitakalomfanyia.

Mwisho wa mwezi nashuka mjini na kabichi. Nitakwenda Kilakala, nitamkalia Ignas mlangoni mpaka aseme. Usinizuie.

Scholastika


Kituo cha Zimamoto, Morogoro,
Alhamisi, 20 Januari 1977

Shemeji Scholastika,

Nyumba ya Ignas imeungua juzi Jumanne, saa nane mchana. Jiko la mafuta liliachwa likiwaka. Ilikuwa kama nilivyoiona katika kichwa changu kwa miezi mitatu.

Kengele ilipolia na mtu akataja Kilakala, nilijua kabla hajamaliza. Gari liliwaka mara moja, sikulizuia, lakini nilimwambia dereva apite njia ya reli, ambayo ni ndefu. Hilo nilifanya. Tulipofika paa lilikuwa limeshika. Paskalia alikuwa nje na watoto, wote wazima. Nikamwuliza, Ignas yuko wapi? Akasema, yuko kazini, hayumo. Majirani wote wakasema, hayumo, yuko kazini.

Wenzangu wakaanza kutandika mpira. Mimi nilisimama mbele ya mlango. Nilikuwa nimepewa kila kitu nilichokitaka. Mke amesema hayumo. Nani angenilaumu?

Shemeji, nilisikia sauti ya Ignas mwenyewe, ya mwaka sabini na nne, ikisema hayumo. Nikaingia. Nilipapasa sebule, nikapapasa chumba. Alikuwa kwenye chumba cha nyuma, sakafuni. Alitoroka kazini kuja kulala, na mkewe hakujua. Nilimburuta kwa mkanda wa suruali. Mikono yake imeungua vibaya, yuko hospitali, ataishi. Tulipokuwa mlangoni mapipa yakalipuka.

Nilipotoka watu walinipigia makofi. Nikaenda kukunja mipira.

Mtu wa pili ni mimi.

Agosti ile nilikuwa likizo. Nilikuwa njiani kuja kwenu, nikakutana na Ignas stendi. Akaniambia nyumba za Kilundwa zinachomwa, watu wamekwisha shuka, na kwamba wakichoma mgambo moto utaingia kwenye kahawa na msitu. Akasema, wewe ndiye unayejua. Akasema pia ataniandikia barua nzuri ya kupata mafunzo. Sitaficha, niliitaka barua ile. Nikajiambia, heri nifanye mimi, itafanyika vizuri, hakuna atakayedhurika. Nilijivuna, shemeji. Nilikwenda kuonyesha ufundi.

Nyumba kumi na sita niliingia. Yenu sikuingia kwa sababu niliijua. Nilikula humo. Nililala humo nilipokuwa naugua surua. Niliona nikifungua mlango nitaona kigoda cha ndugu yangu, nitashindwa, nitaonekana mtoto mbele ya Ignas. Nikamwuliza, Fransisko je? Akanionyesha orodha: yuko kwao. Nikamwuliza nani kasema. Akasema, mkewe. Siandiki hili ili tugawane lawama, naandika kwa sababu umetaka kujua kila kitu. Niligeuza uso kwa kuwa nilikuwa nalia. Nililia kwa ajili ya nyumba.

Jioni ile nilipanda garimoshi kurudi Dar es Salaam bila kufika kwa mama. Siku ya nne simu yako ikanifikia.

Kila nilichokuandikia juu ya Ignas kilikuwa kweli na kilikuwa uongo. Nilitaka aungue kwa ajili ya Fransisko. Nilitaka pia aungue kwa sababu ndiye pekee anayejua.

Fanya utakalo. Nitakuwa hapa kituoni, sitakimbia.

Kasiani


Mtegowa,
Alhamisi, 27 Januari 1977

Kasiani,

Barua yako imenifikia jana. Nilishuka mjini Jumatatu, wauza mboga wakaniambia Ignas ameungua na wewe ndiye uliyemtoa; sikupita kwako, nilikwenda hospitali moja kwa moja. Ignas amefungwa vitambaa mikono yote. Alidhani nimekuja kumpa pole. Nikamwambia, nipe jina la mtu wako wa Kilundwa. Akalia, kamasi zikamtoka, hawezi hata kujifuta. Akasema, aliyenitoa motoni ndiye niliyempeleka. Sikumfuta.

Kwa hiyo nilikuwa najua tayari. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nakuchagulia adhabu. Nilikuchagulia jela. Nilikuchagulia kisu cha kukatia kabichi. Nilifikiri niende kwa wakubwa wako na ile habari ya ukaguzi, hakuna tatizo, wakuvue kofia mbele ya wenzako. Barua ile sikuichoma, nilikudanganya. Ninayo.

Kisha nikafika nyumbani, nikakuta hii ya sasa, na nikaona tarehe. Uliisema mwenyewe kabla ya Ignas kuisema. Ungekuwa umeichelewesha siku tano tu, leo ungekuwa mbele ya wakubwa wako. Hicho ndicho umepata kwa ukweli wako, na hutapata zaidi.

Kuhusu neno langu kwenye orodha ya Ignas. Ndiyo, ni mimi niliyesema yuko kwao. Alikuwa amenishikia kalamu usoni, malori yananguruma, kuku wanatoroka, nikasema. Miaka miwili nimelificha hata kwa padri. Nililitafutia mtu wa kulibeba, nikampa Ignas, halafu nikampa mtu asiye na sura. Sasa nalibeba mwenyewe. Halikupunguzii lako hata kidogo, na lako halinipunguzii langu.

Sikusamehe. Usije ukasoma barua hii ukatafuta msamaha katikati ya mistari, haumo. Ulilia kwa ajili ya nyumba! Ungegonga mlango mara moja, mara moja tu, angekujibu. Alikuwa akiijua sauti yako hata kwenye homa.

Nimefikiri sana ni nani mwenye haki ya kukuhukumu. Si mimi. Mimi na Fransisko tulikuwa wa koo mbili, nilikuwa naye kwa ndoa. Wewe na yeye mlitoka tumbo moja.

Leo asubuhi nimekwenda Lukwambe. Nimemwambia Mama Veronika kwamba unakuja Jumapili ya tarehe sita Februari, baada ya misa, na kwamba umemjua mtu aliyemchoma Fransisko. Sikumwambia jina. Nimemwambia jina utalileta mwenyewe.

Alinishika mikono yote miwili. Alisema alijua tu, siku zote alijua kwamba ukimya wako haukuwa ukimya wa bure, kwamba Kasiani wake alikuwa anamtafutia nduguye haki. Amekwisha wapelekea wajomba zako habari, wote watano, na Mzee Severini, kiongozi wa lukolo lenu, ameahidi kuja ingawa mguu haumpeleki. Wanaondoa magugu uwanjani. Anasema tangu maziko hajapata siku ya kuisubiri, na sasa anayo.

Usipofika, nitakuja mimi na barua zako zote, nitawasomea.

Anataka ukae karibu naye kabisa wakati unalitaja. Masikio yake siku hizi ni mazito, Kasiani. Itabidi uliseme kwa sauti.

Scholastika,
mjane wa Fransisko